Jiko la Shaba la Hoza Shechambo

Kiraka hutaka nguo. Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo fundi wa friji asubuhi hii, na fundi akafunga mkoba wake akaenda zake bila kubisha. Sasa mnaniuliza friji na nguo vinakutana wapi. Basi kaeni niwaeleze, maana methali hii ilianzia kwetu Usambara, mlangoni pa jirani yangu, na ilianza kwa jiko.

Jirani huyo aliitwa Hoza Shechambo. Alilima viazi na mapeasi, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi. Pasi, redio, karabai, baiskeli, kila kilichokufa pale kijijini kilipita kwake, na vingi vilirudi vizima. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa mshonaji. Cherehani aliyoshonea ilikuwa imetupwa na mwenyewe kwa kutu, Hoza akaiokota, akaifungua, akaichongea gurudumu la mti, na ikashona kuliko mpya. Kwa hiyo msidhani nawasimulia habari za mtu mpumbavu. Alijua kazi yake, na alichukia kuona kitu kikitupwa.

Nyumbani kwao palikuwa na jiko la pampu, lile la tangi la shaba linalokula mafuta ya taa. Unajaza mafuta, unapampu hewa, na moto unatoka juu kwa kuvuma. Lilikuwa jiko la marehemu baba yake. Kila tangi lilipovuja, Hoza aliyeyusha risasi, yale madini laini ya kuzibia, akalehemu. Lilipovuja pengine, akalehemu na hapo. Mwisho likaanza kuvuja kwenye skrubu ndogo ya ubavuni, ile inayofunguliwa kutoa hewa ili jiko lizimike. Akaijaribu kwa ngozi, akaijaribu kwa uzi, ikakataa. Akailehemu nayo, ikaziba kabisa. Tangu hapo jiko lile halikuzimwa. Liliachwa tu mpaka lichoke lenyewe.

Mwanahawa hakupenda. Alimwambia, "Baba Rukia, chombo cha moto kisicho na pa kupumulia kinanitia hofu."

"Kinavuja?" Hoza akamuuliza.

"Hakivuji."

"Basi."

Mwanahawa hakutaka ugomvi. Siku ya soko alishuka Lushoto akanunua jiko jipya. Hoza alimshukuru kwa heshima, akalisukuma chini ya kitanda likiwa ndani ya boksi lake. "La baba likishindwa," alisema, "tutalitoa hili."

Ikafika masika, mvua ya siku nyingi na ukungu hadi mlangoni. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Asubuhi moja Hoza aliwasha jiko la pampu kwenye jiko lao la nje, kile kibanda cha fito na udongo chenye mlango mmoja, akateleka sufuria la maji ya kuoga ya mama yake. Mama huyo, Bi Tabu, alikuwa na miguu iliyokufa nguvu. Hakuweza kusimama mpaka ashikwe mikono. Walimkalisha ndani humo kwenye kiti, mgongo ukiegemea ukuta wa nyuma, apate joto. Jiko lilikuwa mbele yake, kati yake na mlango.

Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinisimulia Mwanahawa mwenyewe. Alikuwa anashona barazani aliposikia mvumo wa jiko umebadilika. Ulikuwa mwembamba zaidi, na wa juu, kama mtu anayepuliza kwa meno. Akaacha nguo akaenda. Hoza naye alikuwa anatoka bombani na ndoo, wakafika mlangoni pamoja.

Moto ulikuwa umeteremka ukalamba tangi. Risasi ya kiraka kimoja ilikuwa imeanza kulainika, inang'aa kama jasho. Hoza alipiga magoti akanyoosha mkono kwenye skrubu ya ubavuni afungue hewa itoke. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya miaka yote. Vidole vikakuta risasi tupu. Mwanahawa aliniambia kwamba hapo ndipo alipomwona mumewe akibadilika uso.

Kabla hajaondoa mkono, kiraka kikaachia. Mafuta yakaruka kwa nguvu kuelekea mlangoni, moto ukayadaka. Hoza akarudi nyuma, nyusi zimeungua. Ulimi wa moto ulikuwa umelala kizingitini, na nyuma yake Bi Tabu amekaa kitini, ameshika magoti.

"Leta mchanga," Hoza akasema.

"Mchanga utazima uliotoka. Uliomo ndani ya tangi utauzimaje?"

Hoza akashika gunia lililolowa, akataka kuingia alikumbatie lile jiko alitupe nje. Mama yake akamwona. Hakupiga kelele. Alisema, "Hoza, mwanangu, ukiingia tutakuwa wawili."

Ndipo Mwanahawa akaita jina langu. Mimi nilikuwa kijana niliyekwisha kuoa, nachimba mfereji wa maji ya mvua upande wa pili wa ua. Nikaja na jembe langu. Akaniambia neno moja tu, "Ukuta."

Tulizunguka nyuma ya kibanda. Mwanahawa akaweka mdomo kwenye ufa akasema, "Mama, sogea kulia uwezavyo, jifunike khanga kichwani." Nikapiga jembe. Udongo ulikuwa umekaushwa na moshi, mgumu kama tofali. Nikapiga tena. Ukamomonyoka, fito zikaonekana, na moshi mweusi ukatoka kati yake. Hoza alikata kamba za fito kwa panga, kwa haraka hata nikaogopa atanikata mimi. Humo ndani tulisikia jiko likipuliza, sauti ikizidi kuwa nyembamba, na Bi Tabu akikohoa.

Tundu likatosha mabega. Hoza akaingiza mikono akamshika mama yake kwapani, akavuta. Gauni likanasa kwenye fito. "Vuta tu," Mwanahawa akasema, "nitalishona." Likachanika, mama akatoka, tukamburuta matopeni hadi kwenye migomba.

Tulikuwa hatujamweka chini vizuri tangi lilipopasuka. Halikulia sana. Lilikuwa kama mlango mzito unaobamizwa. Kisha kibanda kizima kikajaa moto, na kile kiti kikawa hakionekani tena.

Mvua ilituzimia uliobaki. Jioni, Bi Tabu akiwa amevikwa nguo kavu na amekunywa uji, Hoza alikwenda kufukua majivu. Akarudi na tangi la baba yake, limefunguka kama ganda la kunde. Akakaa nalo barazani, akaligeuza huku na huku. Mimi nilikuwa pale. Nilimsikia akisema polepole, "Hapa ningeweza kukunja, halafu nikalehemu hivi."

Nilidhani Mwanahawa atamfokea. Hakumfokea. Alikaa kando yake akasema, "Nionyeshe shaba ya baba iko wapi."

Hoza akatafuta. Akakwangua kwa kisu, akakuta risasi. Akakwangua pengine, risasi. Mwisho akapata sehemu ndogo ya shaba kati ya viraka viwili, akaibonyeza kwa dole gumba. Dole likazama, likatokea ndani.

"Mimi nashona kila siku," Mwanahawa akasema. "Mtu akiniletea shati limechanika, namtia kiraka, na nafurahi kwa sababu limepona. Lakini sindano lazima ipate pa kushika. Kiraka hutaka nguo, Baba Rukia. Hapa nguo imekwisha zamani, na wewe umekuwa ukishona kiraka juu ya kiraka."

Bi Tabu akasema kutoka ndani, kwa sauti iliyokauka na moshi, "Baba yako alilinunua jiko hilo nipate kupikia. Hakunioa ili nilichunge."

Hoza akainamisha kichwa. Kisha akaingia chumbani, akavuta boksi chini ya kitanda.

Wengi walidhani kwamba baada ya siku ile ataacha ufundi. Hakuacha. Ila sasa, ukimpelekea kitu, kabla hajakigusa kwa nyundo alikikwangua kwanza, akakibonyeza, akakisikiliza. Nakumbuka miaka ya baadaye, umeme ulipokwisha kufika, mama mmoja alimletea birika la umeme, bovu, keshakata tamaa, anataka tu kuambiwa akanunue jingine. Hoza alilifungua akaona waya mmoja tu umekatika. "Nguo ipo," akamwambia, na akalitengeneza. Mwingine alileta pasi iliyooza hadi kwenye mpini, huyo Hoza akamrudishia mkononi, akamwambia nguo imekwisha. Watu wakalichukua neno lile, wakashuka nalo Korogwe na Tanga, wakawa wanalisema hata kwa vitu visivyo vya chuma.

Kwa hiyo msimcheke mama yenu, na msimdharau yule fundi. Wote wawili waliangalia ndani ya friji wakaona kitu kilekile. Kutengeneza ni kuzuri, wajukuu zangu, na mtu anayetupa ovyo hana shukrani. Lakini kiraka hutaka nguo.