Hodi Isiyojibiwa

"Toka kwenye hicho kiti!" Sungura alifoka. "Nani amekuchagua?"

"Ninyi nyote," Fisi akajibu, miguu yake ikiwa juu ya meza ya usukani. "Mtambo, hebu waambie."

Mtambo ulioendesha roketi ukasema, "Fisi alibisha hodi kwenye chumba cha usingizi. Akauliza, 'Nani anapinga mimi kuwa mkuu?' Sikusikia pingamizi."

"Tulikuwa tumelala!"

"Si mngepinga ndotoni?" Fisi akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Haya yalitokea zamani ambazo bado hazijafika. Ukame ulikausha mito yote duniani, wanyama wakapanda roketi kwenda kwenye mwezi wa mbali wenye mvua. Safari ilikuwa ndefu, kwa hiyo Mtambo uliwalaza usingizi mzito. Fisi peke yake aliamshwa na njaa. Wenzake walipofumbua macho, kiti kilikuwa na mwenyewe na tangi la maji lilikuwa na kufuli.

Tangu hapo kila mnyama alipewa maji ya kulowesha ulimi tu. Fisi, ambaye duniani hakuwahi kuoga, sasa alioga asubuhi na jioni. Mtoto wa Swala alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Nitamrarua!" Simba akanguruma.

"Ukimrarua utakaa wewe kitini, Mzee Simba, na sisi tutakuwa palepale," Sungura akasema. "Niachie mimi."

Akauendea Mtambo. "Ndugu yangu, sheria ya humu ni ipi?"

"Asiyesema hapana amekubali. Fisi alinifundisha."

Sungura akatikisa masikio. Mtambo ulikuwa mtiifu, lakini ulitengenezwa na watu wasiobisha hodi. Haukujua kwamba hodi isiyojibiwa humrudisha mgeni alikotoka.

Siku hiyo Sungura hakunywa. Maji yake na ya Simba aliyasongea ugali wa muhogo, mzito, unaonata kama gundi, akampelekea Fisi.

"Mheshimiwa, tumekuletea zawadi."

"Sasa mmepata adabu!" Fisi akasema. Hakumega tonge. Aliutia ugali wote kinywani, mashavu yakavimba, meno yakagandana.

Hapohapo Sungura akapaza sauti: "Mtambo, sikiliza! Nani anapinga Fisi kuondoka kitini?"

"Mmm! Mmmm!" Fisi akarusha miguu. Angeweza kuutema, lakini ni Fisi. Chakula kikishaingia hakitoki.

"Sikusikia pingamizi," ukasema Mtambo. Kiti kikamwinamisha, akadondoka sakafuni kama gunia. Kufuli la tangi, lililofungwa kwa amri yake, likafunguka.

Wanyama wakashangilia. Simba akachana manyoya yake kwa makucha. "Kaa wewe, Sungura. Au nikae mimi. Nani anapinga?"

"Subiri, Mzee. Hiyo ndiyo sheria ya Fisi, na mimi nimeitumia kwa mara ya mwisho." Sungura akaugeukia Mtambo. "Kuanzia leo kimya ni kimya. Mlango haufunguki mpaka walio ndani waseme karibu. Na mkuu ni yule tutakayemkubali kwa midomo yetu, tukiwa macho."

Wakamwuliza kila mmoja. Simba alijitaja mwenyewe, akapata sauti moja tu, yake. Akanuna mpaka masharubu yakalala. Wengine wote walimtaja Mama Swala, naye akagawa maji sawasawa, hata Fisi akapata fungu lake.

Jioni Mama Swala alikuwa ndani ya chumba cha tangi, akimnywesha mwanawe. Fisi akafika mlangoni, taulo begani, sabuni mkononi.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi jamani! Hakuna aliyenikataa, eti, Mtambo? Nifungulie basi!"

Mtambo ukamjibu palepale mlangoni: "Sijasikia karibu."