Kiapo cha Liwali Mwenye Jino Bovu

Jino bovu lilimvimbisha shavu Liwali Seifu, akaapa mbele ya baraza zima: "Atakayeling'oa akaniumiza, naye nitamng'oa meno yote!" Waganga wote wakatoweka.

Akaja pale barazani Bi Chausiku, muuza miswaki. "Mimi naweka karafuu tu, Bwana. Nitaifunga kwa uzi usije ukaimeza. Keti, fumba macho."

Alipomaliza kufunga, akasogea mlangoni. "Bwana, kinywa chako kinanuka mpaka mbuzi wamehama mtaa!"

Liwali akachupa na bakora yake, kisha akapiga yowe. Uzi ulikuwa umefungwa kwenye mguu wa kiti, na jino lilining'inia pale.

"Nani kaling'oa?" alinguruma.

"Aliyechupa, Bwana. Baraza limeona. Sasa tuanze na lipi katika yaliyobaki?"