Kofia ya Kwanza ya Bi Raya

Hapo zamani, na msinicheke, ni zamani ya juzijuzi tu, Wete palikuwa na mshona kofia akiitwa Bi Raya binti Faki. Alikuwa na maringo, na maringo yalimkaa. Kofia yake ungeizungusha kutwa nzima usione mahali ilipoanziwa wala ilipomaliziwa. Mabwana harusi walimngojea miezi minne, na asiyetaka kungoja aliambiwa akanunue ya mashine.

Mwaka mmoja mistari ikaanza kumchezea. Anachora mstari kwa penseli, akiutazama anauona umepinda katikati, basi anaunyoosha kwa sindano. Kumbe mstari ulikuwa sawa, yeye ndiye aliyekuwa akiupinda. Watu wakanong'ona. Bi Raya akalaumu kitambaa.

Sasa palikuwa na Khatibu, dobi wa kofia, anayezifua, anayezitia uwanga na kuzivisha faroma, kile kigogo cha kuzizuia zisinywee. Kofia ikishavishwa faroma haifichi kitu. Khatibu akaichukua moja iliyopinda hadi barazani kwa Bi Raya, mbele ya wanafunzi wake, na hakumung'unya maneno.

"Bi Raya, mkono wako ni uleule. Kinachoumwa ni jicho. Nenda hospitali."

Bi Raya akamfukuza, kisha akaingia ndani akalia mpaka kanga ikalowa. Kesho yake akamwita Shaame, mdogo wake wa mwisho, wakapanda meli kwenda Unguja kwa Daktari Nassor, mganga wa macho.

Daktari akamtia matone, akachungulia nyuma ya jicho, akamweleza polepole. Kisukari kilichomkaa miaka bila kutunzwa kilikuwa kimeharibu mishipa midogo ya damu. Jicho likikosa damu ya kutosha huita mishipa mipya, nayo huota ovyo, tena dhaifu, ikavuja. Mvujo ule ulikuwa umemvimbisha pale hasa pa kuonea, ndiyo maana mistari ikapinda. Dawa ya kuuzima ule mwito ipo, ila hudungwa ndani ya jicho kwa sindano, mwezi baada ya mwezi. Bila hivyo, upofu.

Jamani, mwanamke aliyeishika sindano miaka arobaini akaiogopa sindano! Shaame akamshika mkono, daktari akalitia jicho ganzi, akadunga. Na kabla hajainuka kitandani, Bi Raya akaapa mbele yao: kofia ya kwanza atakayoshona akipona hataiuza. Atamvika aliyemrudishia jicho lake.

Mwezi wa kwanza wakavuka bahari. Wa pili wakavuka. Wakavuka hadi wa saba, na mwishowe daktari akalichoma jicho kwa mwanga wa leza ili mishipa mibaya isiote tena. Nyumbani Shaame alimpima sukari kila asubuhi, na chai akampa bila sukari, anune asinune. Jicho la kulia likafunguka. La kushoto lilikuwa limeshachelewa.

Akashona. Miezi sita, kwa jicho moja, na mstari wa mwisho ukakutana na wa kwanza. Khatibu alipoivisha faroma aliizungusha, akaizungusha tena, machozi yakamtoka. Bi Raya akatamba mtaa mzima kwamba mkono wake haujafa. Nani wa kumkataza?

Ijumaa moja, baada ya sala, daktari akiwa amekuja Pemba kikazi, Bi Raya akawaalika wote watatu kwa pilau. Walipokwisha kunawa akaitoa kofia, akawaambia kila mmoja aseme haki yake.

Khatibu akasema, "Ningenyamaza, leo angekuwa kipofu anayelaumu kitambaa. Mimi nilikubali kuchukiwa."

"Ulikwisha kuona tatu zimepinda kabla ya ile, ukanyamaza kwa heshima," Shaame akamwambia. "Jicho la kushoto limepotelea kwenye heshima yako. Mimi nimevuka naye mara saba, na mkono alioushika ni huu."

Daktari akacheka kidogo, akimtazama Shaame. "Na halua ya kila Ijumaa, miaka yote hiyo, nani alikuwa akimletea? Kumvusha ni wema, lakini hakuna aliyepona kwa kuvushwa. Dawa imepita mkononi mwangu."

Khatibu akamgeukia. "Mwaka mmoja kabla ya sindano alikwenda kwako, ukampa miwani ukamwambia ni uzee."

Daktari hakukana. Alisema siku ile hakumtia matone wala hakuchungulia, na kwamba jambo hilo halijamtoka rohoni hadi leo.

Bi Raya akawatazama mmoja mmoja kwa jicho lake zima. Uchungu wa lile la kushoto aliusikia, ila fahari ilimzidi, maana watu watatu wazima walikuwa wakigombea kazi ya mkono wake. Shaame akamnong'oneza ashone nyingine mbili, kila mtu apate yake.

"Ya kwanza ni moja," Bi Raya akasema, "na mimi sijawahi kurudisha neno langu."

Akasimama na kofia mkononi. Vichwa vitatu vikainama mbele yake, naye, niliambiwa, akakivika kimoja.

Kichwa alichokivika nakijua, ila sikitaji mpaka niwasikie ninyi. Aliyesema, aliyevusha, au aliyedunga: je, nani alistahili?