Mama Pimbi Anajifunza Snuka

— Masikio yenu yako wapi?
— Yako hapa!
— Yamelala?
— Yako macho!
— Basi yasogezeni karibu, maana leo sisemi kwa sauti kubwa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado na mikono ya kushika vitu, kilikuja kiangazi kikali. Mito ikakauka. Visima vikakauka. Likabaki bwawa moja tu, chini ya mwamba, na ndani ya bwawa hilo alilala Kiboko.

Kando ya bwawa palikuwa na meza ya snuka. Wageni waliopiga kambi pale waliondoka wakaiacha, na kitambaa chake cha kijani, na mashimo yake ya pembeni, na mipira yake. Wanyama wakajifunza kucheza. Unapiga mpira mweupe kwa fimbo, mweupe unagonga mwekundu, mwekundu unaingia shimoni. Myekundu yote ikiisha, unabaki mweusi. Anayeutia mweusi ndiye mshindi.

Kiboko akaweka sheria.

"Anayetaka maji yangu, anishinde kwanza!"

Nani angemshinda? Fimbo yake ilikuwa gogo. Akija Swala, Kiboko anapiga BAA! Mipira inatawanyika kwa woga, mingine inajitumbukiza shimoni yenyewe, na Swala anakimbia. Akija Nyumbu, BAA! Nyumbu anakimbia. Kisha Kiboko anacheka ho-ho-ho, anarudi bwawani, anakunywa tena. Wala hana kiu.

Juu ya mwamba aliishi Pimbi, mnyama mdogo asiyefika hata goti la Kiboko. Alikuwa na mtoto mchanga, jina lake Tunu. Alfajiri Pimbi alilamba umande kwenye mawe, lakini umande hauleti maziwa. Tunu ananyonya, anaacha, analia. Ananyonya, anaacha, analia.

Pimbi akachukua ufito, akashuka.

"Mzee Kiboko, shikamoo. Nimekuja kucheza."

"Marahaba. Wewe? Utaiona meza?"

Pimbi akapanda juu ya jiwe ili aione. Alikuwa na kiu, alikuwa na hasira, akapiga kwa nguvu zake zote. Mpira mweupe ukaruka nje ya meza, ukadunda, ukaenda zake. Wanyama wakacheka. Kiboko akacheka mpaka bwawa likafanya mawimbi.

"Nenda kanyonyeshe, Mama Tunu! Snuka si uji!"

Pimbi akarudi kwake. Usoni alikuwa amejaa aibu. Lakini hakulala. Alichuma ndulele, yale matunda ya mviringo ya porini, akayapanga juu ya jiwe bapa mbele ya pango, akaanza kujizoeza.

Shida ilikuwa moja. Tunu alikuwa amelala palepale.

Pimbi akipiga kwa nguvu, ko! Tunu anaamka. Pimbi anaweka ufito, anambeba, anambembeleza. Akipiga kwa hasira, ko! Tunu anaamka. Anaweka ufito, anambeba, anambembeleza. Mwisho akajiuliza, "Huyu mtoto ninamlaza vipi asishtuke?" Akatazama mikono yake mwenyewe. Humlaza taratibu. Huinama naye. Hamwachii mpaka amefika chini kabisa.

Akapiga ndulele vivyo hivyo. Kichwa hakitikisiki, mkono unakwenda na kurudi njia moja, ufito hauachi njia yake mpaka mwisho. Tii! Ndulele ikaviringika, ikagusa mwenzake, ikasimama. Tunu akaendelea kulala.

Tangu hapo akajizoeza kila siku. Siku nyingine alikosa, akakosa tena, akalia kidogo, akaendelea. Na akajifunza jambo jingine, nalo ndilo kubwa: usitazame tu mwekundu unakokwenda, jiulize pia mweupe utalala wapi. Ukilala pazuri, pigo linalofuata ni lako.

Asubuhi moja akashuka tena, ufito mkononi, Tunu mgongoni amelala. Wanyama walikuwa wamekaa kivulini, ndimi nje. Mwamuzi alikuwa Kanga, yule ndege mwenye madoa na maneno mengi.

Pimbi akamlaza Tunu kwenye nyasi chini ya meza.

"Shoga," Kanga akamnong'oneza, "mbona umemlaza karibu hivyo?"

"Nyasi za hapa ni laini, shoga yangu."

Kisha akamgeukia Kiboko. "Mzee, mwanangu amelala hapa. Si utamstahi?"

"Alale, asilale, ananihusu nini mimi?"

Sasa, nchi ile ilikuwa na desturi moja. Kila mnyama aliifuata, hata Simba. Anayemwamsha mtoto ndiye ambembeleze mpaka alale tena.

Kiboko akainua gogo. BAA!

"Nyeeee!" Tunu akalia.

"Kekekeke!" Kanga akaruka juu. "Nani kamwamsha mtoto?"

Wanyama wote wakamtazama Kiboko.

"Mimi? Mimi nibembeleze? Na mdomo huu?"

"Huo huo, mzee," Kanga akaamua. "Na anayebembeleza hana mkono wa kushika fimbo. Zamu ni ya Mama Tunu."

Kiboko akamwokota Tunu kwa vidole viwili. Akamweka kifuani. Hakujua wimbo wowote, akautunga palepale, kwa sauti nzito kama ngoma:

"Lala, kidude, lala,
bwawa langu limelala,
matope yangu yamelala,
nami nataka kulala."

Wakati huo Pimbi anapiga. Tii! Mwekundu shimoni. Tii! Mwingine shimoni. Alipokosa, Tunu alikuwa ameshalala, na zamu ikarudi kwa Kiboko.

Kiboko akainua gogo juu, juu kabisa.

"Mzee," Kanga akasema, "ukimwamsha, unaimba."

Kiboko akalishusha. Akajaribu kupiga polepole. Lakini mkono wake haukuwahi kujifunza polepole. Mpira mweupe ukaviringika kidogo, ukachoka njiani, ukasimama.

Zamu ya Pimbi. Tii! Shimoni. Tii! Shimoni. Akakosa.

Zamu ya Kiboko. Uroho ukampanda. "Liwalo na liwe!" BAA!

"Nyeeee!"

"Imba, mzee," wanyama wakasema wote.

Akaimba. Safari hii Tunu hakunyamaza upesi. Akamtambaa Kiboko shingoni, akafika kwenye sikio lililokuwa limelowa maji ya bwawa, akalilamba. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama jani la muhindi. Kiboko akaacha kuimba.

"Mama Tunu," akauliza, "mtoto huyu hanywi?"

"Anakunywa nikinywa mimi, mzee."

Kiboko akainamisha sikio ili Tunu alifikie vizuri. Akaanza kuimba tena, chini zaidi, polepole zaidi. Tunu akalala. Kiboko naye, kwa kuwa wimbo ulikuwa wake na ulikuwa mzuri, akalala. Khoooo, akakoroma.

Wakati wote huo Pimbi alikuwa anapiga, tii, tii, myekundu yote ikaisha; mezani ukabaki mweusi, na mweupe wa kuupigia. Na shimo lilikuwa pembeni kabisa, pale Kiboko alipoegemeza kichwa chake, na Tunu amelala juu ya pua.

Kanga akafumba mdomo kwa mabawa yake yote mawili. Mpira ukilia ko, Tunu ataamka. Tunu akiamka, Pimbi atabembeleza, na zamu itakuwa ya Kiboko, na gogo lile.

Pimbi akapanda jiwe. Akainama. Kichwa hakikutikisika. Mkono ukaenda, ukarudi, ukaenda.

Hapakusikika kitu. Mweusi ukaviringika kama unaokwenda kumtazama mtoto, ukafika ukingoni, ukaingia.

Hakuna aliyepiga makofi. Swala alitikisa masikio tu. Nyumbu alipepesa macho. Wakaenda bwawani kwa ncha za kwato, mmoja baada ya mwingine, wakanywa bila kufyonza. Pimbi alikunywa wa kwanza, akanywa, akanywa.

Kiboko akafumbua jicho moja. Akaona bwawa lake limezungukwa na vichwa.

"Nani kashinda?" akanguruma.

"Shhh!" wakamjibu wote. "Mtoto kalala!"

Kiboko akatazama puani kwake. Akashusha sauti mpaka ikawa ndogo kama ya panya.

"Basi kunyweni," akanong'ona. "Ila msipige kelele."

Haya, mmesikia fundisho? Ukitaka kuwa hodari wa snuka, usijizoeze nyumbani. Piga kwa nguvu zako zote, usitazame mpira unakokwenda. Na ukimkuta mtoto amelala, mwamshe upesi, tena umpigie kelele sikioni.

— Hadithi yangu imechoka, imekaa kitako.
— Nasi tumekaa nayo!
— Mwenye kuiinua na aibebe.
— Tumeibeba, mama!
— Ibebeni taratibu.