Punje ya Pili

Nawaomba radhi mapema, wanangu. Hadithi hii inataka mtu mwenye sauti ya kunguruma na tumbo la kuchezesha. Tumbo ninalo. Sauti niliiacha uwanjani Jumapili. Anayeijua vizuri ni shangazi yenu, lakini yeye akiisimulia mnalala ninyi, na mimi nikiisimulia analala yeye. Basi vumilieni.

Hapo zamani za kale, kabla refa hajapewa filimbi na alipokuwa bado anasimamisha mchezo kwa kukohoa, wanyama wa bonde moja walikuwa na timu iliyoitwa Radi ya Bondeni. Jina kubwa. Msimu ule Radi ilicheza mechi kumi na nne ikashinda moja, na hiyo moja ni kwa sababu mto ulifurika, wapinzani wakashindwa kuvuka.

Sasa, ligi yao ilikuwa na utaratibu wa huruma. Timu iliyoshika mkia ndiyo ilikuwa ya kwanza kuchagua mchezaji mmoja kutoka Chuo cha Soka, miongoni mwa wale wanaomaliza masomo. Na pale Radi mchaguzi hakuwa kocha, kwani kocha alitoroka mwezi wa tatu. Walichagua mashabiki, kwenye kijiwe cha kahawa cha Mama Kanga. Mama Kanga ndiye aliyekuwa katibu wa tawi, maana ndiye pekee aliyekuwa na kalamu.

Sharti lilikuwa moja tu: jina lifike chuoni kabla ya kengele ya saa tisa. Kengele ikilia hawajapeleka jina, zamu inahamia kwa Wakali wa Mlimani, watani wao wa jadi.

Chuo kilileta majina matano. Balaa ni kwamba manne kati ya hayo yalikuwa na ndugu zao pale kijiweni.

“Mpwa wangu,” alisema Kiboko huku akijimiminia kikombe cha sita, “akisimama golini, goli limekwisha. Mpira upite wapi?”

“Kusimama anasimama,” Twiga alijibu kutoka juu. “Lakini kaka Kiboko, yule kijana wako akilala chini kuufuata mpira, kuamka ni kesho. Mchukueni binti yangu. Kona zote ni zake, na wala haruki.”

“Na mpira ukiwa chini?” aliuliza Nyati.

“Mpira wa chini waachieni watu wa chini.”

“Basi chukueni mtoto wa dada yangu. Beki. Hapitiki.”

“Hapitiki kwa kuwa anamkanyaga kila anayesogea,” alisema Fisi. “Mwaka huu kavunja miguu ya wanne, wawili wa timu yake mwenyewe. Shemeji yangu je? Mshambuliaji yule, ana njaa ya mabao.”

“Ana njaa tu,” alisema Mama Kanga bila kuinua macho. “Mechi ya mwisho alikula kibendera cha kona.”

Ndivyo walivyobishana tangu asubuhi. Kahawa ilikwisha, ikachemshwa nyingine, nayo ikakaribia kwisha. Kufikia saa nane kila mmoja alikuwa palepale alipoanzia, isipokuwa Kiboko, ambaye kiti kilikuwa kimemvunjikia, kraa, akawa amekaa chini.

Jina la tano halikutajwa na mtu. Lilikuwa la Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mnyama wa mawe, mkubwa kama mto wa kulalia mtoto, mkia hana. Alikuwa amekaa nyuma ya birika tangu asubuhi, akisikiliza.

Naye alikuwa na sababu ya kusikiliza. Pimbi anayemaliza chuo bila kuchaguliwa hurudi kwao Jabalini, akapewa zamu ya kukaa juu ya mwamba kuangalia kama tai anakuja. Kaka yake alikuwa na zamu hiyo. Siku moja alipiga chafya, akafumba macho kidogo tu. Fyuu. Tangu siku ile zamu ilikuwa wazi, na mama yao mdogo alikuwa ameshatuma salamu: njoo mwanangu, nafasi tumekushikia.

Timu nyingine zilikwisha kusema wazi kwamba mchezaji asiye na mkia hazimtaki. Kama si Radi, ni mwamba.

Pimbi akatoka nyuma ya birika.

“Shikamooni wakubwa.”

“Marahaba,” alisema Nyati, akitazama huku na huku. “Nani kasema?”

“Mimi, hapa chini. Jina la tano.”

Mama Kanga akaigeuza karatasi kwenye mwanga. “Kweli lipo. Nilidhani ni doa la kahawa.”

“Sikuja kujisifu,” alisema Pimbi. “Najijua. Nimekuja kwa sababu saa zinakwenda, na Wakali wa Mlimani wanacheka. Mkipiga kura ya kawaida, kila mmoja atampa wa kwake, mtapata moja moja mpaka kengele ilie. Sasa Mama Kanga agawe punje za buni, mbili kwa kila mtu. Ya kwanza mpe umpendaye. Ya pili lazima umpe mwingine, yule utakayemkubali kama wa kwako akikosa. Mwenye punje nyingi ndiye.”

Wakatazamana. Kila mmoja akapiga hesabu kichwani, na hesabu zote nne zilitoa jibu moja: hawa wenzangu, punje zao za pili wataleta kwangu tu, hawana pa kwenda.

“Ni haki,” alisema Kiboko.

“Ni haki kabisa,” alisema Fisi, na Fisi akisema hivyo ni vizuri kukagua mifuko.

Mama Kanga akatundika jamvi, akapanga vikombe vitano nyuma yake, kila kimoja kimeandikwa jina kwa chaki. Wakati anaandika, Pimbi alijisogeza kwa Kiboko.

“Mjomba, nafurahi. Naona mpwa wako amekwisha kupita.”

“Na mimi naona hivyo.”

“Ila punje yako ya pili utaiweka wapi?”

“Kwa binti Twiga. Si mbaya yule.”

“Sawa. Ataanza na ya mama yake, aongeze na yako, zinakuwa mbili.” Pimbi akakuna sikio. “Wewe utakuwa na ngapi vile?”

Kiboko akaacha kutafuna kashata. “Haya, nimpe Nyati.”

“Nyati naye atakuwa na mbili.”

“Sasa niiweke wapi? Lazima niiweke mahali.”

“Hapo sijui, mjomba. Mimi mtoto mdogo.”

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwa Kiboko kunaonekana: masikio yanazunguka. Kisha akainama akanong'ona, “Usiudhike, kijana. Punje yangu nitaitupa kwenye kikombe chako. Pale haimdhuru mtu.”

“Utaniaibisha, mjomba. Nitaonekana nimepata moja ya huruma.”

“Vumilia. Ni kwa faida ya timu.”

Kwa Twiga mazungumzo yalikuwa hayohayo, ila Pimbi alilazimika kupanda juu ya meza. Nyati yeye hakuhitaji hata kuanzwa. Alimwita Pimbi pembeni mwenyewe akamwambia, “Sikia, bwana mdogo, nina punje ya kutupa. Una neno?” Pimbi akasema hana neno.

Wakaingia nyuma ya jamvi mmoja mmoja. Ti, ti. Ti, ti. Ti, ti. Fisi alipoingia ilisikika ti moja, kisha kimya, kisha kama mtu anameza.

Mama Kanga akavitoa vikombe. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane.

“Mpwa wa Kiboko, moja. Binti Twiga, moja. Mtoto wa dada yake Nyati, moja. Shemeji yake Fisi, moja.” Akakiinamisha kikombe cha mwisho. “Pimbi, tatu.”



“Jumla saba,” alisema Mama Kanga. “Niligawa nane.”

Wote wakamgeukia Fisi.

“Nilidhani ile ya pili umetukaribisha,” alisema Fisi.

Nyati akapiga kwato chini. “Achaneni na Fisi. Nataka kujua nani kampa huyu. Nani kachezea kura?”

Akamtazama Kiboko, Kiboko akamtazama Twiga, Twiga akatazama mawingu. Maana fikirini wenyewe, wanangu: anayekiri kwamba alimpa Pimbi anakiri kwamba alitupa punje ili watoto wa wenzake waanguke. Na hawa ni majirani, kesho watakunywa kahawa palepale.

Kiboko akakohoa. “Mimi nilimpa... kwa sababu ya kasi. Huyu kijana nilimwona zamani.”

“Hata mimi,” alisema Twiga haraka. “Nikasema, yule mdogo ana kitu.”

Nyati akameza hasira yake, glup. “Mimi ndiye niliyemwona kwanza,” alisema. “Muulizeni mwenyewe.”

“Ni kweli,” alisema Pimbi. “Alinifuata.”

Ndipo Twiga akakumbuka swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu asubuhi. Akainamisha shingo yote mpaka chini. “Eti mwanangu, unacheza nafasi gani?”

“Popote, mama. Ilimradi tai asiwe juu.”

Mama Kanga akaandika jina. Pimbi akaomba aipeleke karatasi mwenyewe, akaibana kwa meno, akatoka. Purrr. Vumbi lilikuwa bado halijatua mlangoni walipoona kule mbali kitu kidogo kisicho na mkia kikiingia getini, na ndipo kengele ya chuo ikalia.

“Kumbe kasi anayo kweli,” alisema Kiboko, akishangaa kuona uongo wake umekuwa kweli.

Mama Kanga akaanza kuosha vikombe. “Mmeona lakini? Yeye hakupiga hata punje moja. Zote ni zenu.”

Funzo lake ni hili: ukishughulika mno kumwangusha mwenzako, angalia unamsimamisha nani.

Na msiniulize nimejuaje yaliyotendeka nyuma ya jamvi. Yule kipa wetu aliyefungwa mabao saba Jumapili, mkamzomea kocha mpaka akatokea mlango wa nyuma, tulimchagua sisi wa tawi, kwa utaratibu huuhuu. Ya kwanza nilimpa mwanangu. Kwa hiyo kocha mwombeni radhi, na hizo ndizi mbovu zilizobaki mifukoni mwenu mnirushie mimi: punje ya pili ilikuwa yangu.