Kidude Kwenye Funguo za Nurdin

Wahenga waliposema mdharau mwiba mguu huota tende, hawakuwa wamewahi kuona pampu ya hewa wala ekstensheni. Walimaanisha tu kwamba kile kidogo unachokicheka leo ndicho kitakachokuvimbisha mguu na kukulaza kitandani kesho. Lakini methali ni kama maji, hupita popote palipo na upenyo. Siku moja methali hii ilipenya hadi sebuleni kwa Bi Hamisa, Mtoni, nyuma kidogo ya Barabara ya Kilwa.

Mchana, sebule ile ilikuwa kama chini ya bahari. Pazia za kijani zilichuja jua likafika sakafuni limelegea. Juu ya meza fupi palikaa tangi la samaki, na ndani yake samaki wa rangi ya chungwa walielea polepole, mfano wa mawazo ya mtu anayesinzia. Viputo vya hewa vilipanda, vikapasuka, vikapanda tena.

Tangi lile lilikuwa dawa. Tangu Bi Hamisa afiwe na mumewe, usingizi ulikuwa umemhama. Usiku alijigeuza kitandani kama chapati kikaangoni. Vidonge havikufua dafu. Halafu siku moja alikwenda kumsalimia jirani mwenye samaki kwenye tangi la kioo, akasinzia kochini katikati ya maongezi, tena na mikoromo juu. Zubeda, binti yake mkubwa, akalipata jibu. Akanunua tangi.

Kuanzia hapo, kila baada ya swala ya adhuhuri Bi Hamisa alipiga deki ili sakafu ipoe, akatandika mkeka mbele ya tangi, akalala fofofo.

"Mie huku nalala, kumbe niko kwetu Lindi, ufukweni," aliwaambia wanawe. "Maji yamekupwa, yananifika vifundoni, samaki wananipita miguuni kama wananijua."

Siku ya kulifunga tangi, Zubeda alimkabidhi mdogo wake Nurdin kidude cha plastiki kisichozidi pipi kwa ukubwa.

"Hiki kinakaa katikati ya mpira wa hewa, huu unaotoka kwenye pampu kwenda tangini," alisema. "Kinaacha hewa iende, kinazuia maji yasirudi. Yule Daniel muuza samaki kakisisitiza mno."

Nurdin alikuwa na mikono ya fundi na akili ya mtani. Alikipuliza kile kidude. Upande mmoja kikatoa sauti ya bata mwenye mafua, upande wa pili kimya.

"Sista, kinapitisha upande mmoja tu. Kama wewe: maneno yanatoka, hayaingii."

Bi Hamisa alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani.

"Chekeni," Zubeda alisema. "Umeme ukikatika mtakitafuta."

"Ukikatika si ndo hakuna umeme? Sasa hiyo hatari inatokea wapi, kwenye giza?"

Akakifunga kidude kwenye funguo zake kiwe kifilimbi cha kuwachokozea watoto wa mtaani, na mpira akauunga vivi hivi.

Mambo yalikwenda. Nurdin alikuwa akichovya kidole kwenye tangi, anageuza macho na kutetemeka mwili mzima, "Umeme, mama, umeme unanila," na mama yake alipokwisha kushika kifua ndipo anaangua kicheko. Utani wake siku zote ulikuwa na mkia, na mkia wenyewe ni kicheko hicho.

Baadaye Bi Hamisa akalalamika kwamba pampu pale rafuni inalia kama mbu. Kwa mapenzi ya dhati kabisa, Nurdin aliishusha, akaiviringisha kitenge kikuukuu, akailaza sakafuni chini ya meza, ubavuni mwa ekstensheni iliyoipa umeme. Mlio ukafa.

Zubeda alipoona alisimama, mikono kiunoni. "Maji yako juu, pampu iko chini. Siku hewa ikikata, maji yatafanya nini?"

"Yatabaki tangini, yamezoea."

"Basi kirudishe kile kidude, Nurdin."

"Ntakirudisha."

Ijumaa moja umeme ulikatika. Feni ilizunguka mizunguko ya mwisho kwa uvivu, ikatulia. Viputo vikakoma. Bi Hamisa alikuwa tayari mkekani, usingizi umemfunika kama shuka jepesi. Zubeda alikuwa uani akiosha vyombo. Nurdin hakuwa amerudi kutoka msikitini.

Ndani ya ukimya ule, mpira wa hewa ukaanza kunywa. Maji yaliuingia, yakapanda hadi ukingo wa tangi, yakateremka upande wa pili, taratibu, bila kelele, bila haraka. Yakajaza pampu. Yakalowesha kitenge. Yakaufuata waya hadi kwenye ekstensheni, yakatandaa sakafuni, yakaugusa mkeka.

Bi Hamisa akatabasamu usingizini. Alikuwa Lindi, maji yanamfika vifundoni. Samaki mmoja mnene alimjia akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, lakini sauti haikutoka. Ukweli ni kwamba tangini samaki wote walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, wakiitafuta hewa.

Nurdin aliingia. Alivua viatu mlangoni kama alivyofunzwa tangu utotoni, akapiga hatua, unyayo wake ukakutana na maji. Aliangalia dimbwi, akaangalia mpira unaotiririka, akaangalia ekstensheni iliyolowa na taa yake nyekundu iliyozimika. Kwa mara ya kwanza hakupata cha kuchekesha.

Ng'ambo ya barabara watoto wakapiga kelele kwa pamoja: "Umerudiii!"

Kila mtu wa Mtoni anajua kwamba umeme hurudi kwa zamu. Huanza ng'ambo ile, kisha huvuka. Nurdin alishika ncha ya mkeka, akauvuta kwa nguvu zake zote, na mama yake juu yake akateleza sakafuni hadi koridoni, pakavu. Hapo angetoka nje mbio akazime meni swichi ya nyumba nzima barazani. Lakini aliwaona samaki wanavyotweta, akauona usingizi wa mama yake ukifa pamoja nao. Akarudi, peku, majini, akainama kuichomoa ekstensheni kwanza, ndipo aung'oe mpira uliokuwa ukiwamalizia maji.

Umeme ukavuka barabara.

Uani, Zubeda alisikia feni inaguruma, kisha sauti ya mdogo wake: "Aaah!" Akatabasamu kwa hasira. "Leo kaanza tena huyu," akajisemea, akaendelea kusugua sufuria. Akangoja mkia. Kicheko hakikuja. Akangoja kidogo tena, mkono umesimama ndani ya povu. Kicheko hakikuja.

Sufuria ikaanguka. Zubeda alizunguka nyumba hadi barazani, akafuta mkono kwenye kanga, akaishusha meni swichi. Feni ikanyamaza. Ndipo akaingia, akamkuta Nurdin amelala ubavu kwenye maji, rangi ya uso imemtoka, lakini kifua kinapanda na kushuka.

"Nurdin."

"Sitanii," alinong'ona.

"Najua hutanii, mpuuzi wewe." Machozi yalimdondoka puani.

Koridoni Bi Hamisa alifumbua macho, akatazama dari asiyoizoea, akatazama miguu ya binti yake. "Zubeda," alisema kwa uchungu, "umeingia na kandambili ndani?"

Walipomweleza, hakupiga ukelele. Alikwenda kwenye tangi, akaung'oa mpira, akachota maji kwa kikombe, akayainua juu na kuyamimina, akachota tena, akamimina tena, vile vile apozavyo chai. Maji yakabeba hewa. Samaki mnene wa ndotoni alikuwa ameshageuka tumbo juu. Wengine, mmoja mmoja, wakafunga midomo na kuteremka.

Zahanati walisema Nurdin ana bahati. Unyayo mmoja uliungua, mguu huo ukavimba kama papai. Kwa muda mrefu alitembea akijishikilia ukutani.

Kabla uvimbe haujaisha, mwenyewe alisimamia marekebisho. Pampu ilirudi rafuni, juu kuliko tangi. Ekstensheni ilipigwa marufuku sebuleni, na waya ukaachwa ulegee chini ya soketi ili tone likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia soketini. Fundi umeme akafunga kizimio kinachojikata chenyewe umeme ukivuja. Pembeni ikawekwa pampu ndogo ya betri inayojiwasha umeme ukienda. Na kidude kikatoka kwenye funguo, kikakaa katikati ya mpira.

Adhuhuri moja Nurdin alikuwa amejilaza mkekani kando ya mama yake, mguu juu ya mto. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Pampu ya betri ikaamka, ikaguna kidogo, viputo vikapanda. Sakafu ilibaki kavu.

Bi Hamisa alifumbua jicho moja. "Umeme umekatika, Nurdin. Hatari iko wapi, kwenye giza?"

Nurdin alipapasa mguu wake. "Iko hapa, mama."

Mama akacheka kimya kimya, akalifumba jicho, akarudi Lindi. Nurdin alibaki macho, akivitazama viputo, akijua sasa kwa unyayo wake mwenyewe kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.