Kafara ya Bahari ya Kioo

Hapo zamani za kale, lakini si kale ile ya masultani. Kale ya juzi tu, taa za umeme zilikwisha fika. Palikuwa na bahari ndogo ya kioo ndani ya chumba cha binadamu. Wewe unayecheka huko nyuma, cheka, lakini masikio yawe huku.

Bahari yenyewe ilikuwa mpya. Mchanga mpya, mawe mapya, hata maji yalikuwa hayajazoeana na wenyeji wake. Juu palikuwa na jua lililowaka tki! na kuzimika tki! Waliohamia humo walikuwa wachache. Bwana Chewa, mnene wa mwili na mzito wa kufikiri, alijifanya mkuu wa mtaa. Jirani yake alikuwa Kikande, samaki mwenye meno ya kuvunja gamba. Mchangani aliishi Bi Kome, konokono mjane, pamoja na watoto wake. Na alikuwepo Uduvi, kamba mdogo kuliko ukucha wa mtoto, ambaye miguu yake haijui kutulia.

Siku za mwanzo, kila jua lilipowaka, Jicho lilikuja kwenye kioo. Jicho kubwa, jeusi katikati. Lilitazama ndani, likaenda zake, kisha chakula kikanyesha kutoka juu. Hakuna aliyejua Jicho ni la nani, na hakuna aliyetaka kuuliza.

Ndipo kikaja Kitu.

Kilianzia mchangani, doa dogo la kahawia. Kesho yake kikawa juu ya mawe. Halafu kikapanda vioo. Kilikuwa laini, cha utelezi, hakina uso wala mguu. Jua likiwaka kilivimba na kutoa mapovu, blu... blu... blu..., kana kwamba chini yake amelala mtu anayepumua.

Bwana Chewa alikipiga mkia, fyaa! Kikatawanyika majini, kikatua, kikarudi kizito kuliko kwanza. Mwishowe vioo vyote vikazibwa, hata Jicho halikuonekana tena. Chakula kilinyesha, lakini wenyeji walikula wakitazama nyuma.

"Jamani, nini hiki?" akauliza Bwana Chewa. Sauti yake ilitetemeka, na mwili wote ule!

Kikande alikuwa akingoja swali hilo hilo. "Hamjui kosa letu?" akasema. "Tumehamia nyumba mpya bila kutoa kafara! Nani aliwahi kuingia nyumba mpya bila kumwaga damu? Mwenye mahali amekasirika. Huyu anayepumua ndiye yeye."

"Lo! Kweli kabisa," akasema Bwana Chewa. "Atolewe nani, basi?"

Kikande akamgeukia Bi Kome. "Mwenye watoto wengi ndiye hutoa. Mimi nitampeleka mtoto mmoja kwa mwenyewe, pale nyuma ya jiwe langu. Lakini asichungulie mtu! Anayechungulia hupofuka."

Bi Kome alilia, akaomba, akashika mchanga. Bwana Chewa akasema ni kwa ajili ya heri ya mtaa mzima. Mtoto akachukuliwa.

Wote walificha macho. Walisikia sauti moja tu nyuma ya jiwe: kacha! kacha! Kisha kimya.

Kikande akatoka, akajifuta midomo kwenye mchanga. "Amepokea," akasema.

Amepokea? Mbona Kitu kilizidi? Kikatanda zaidi, kikapumua kwa nguvu zaidi. Kikande akasema mwenye mahali hajashiba, akachukua mwingine. Kikazidi tena. Akachukua mwingine. Hata akabaki kitinda mimba peke yake, Kikome, aliyekuwa bado anambebea mama yake ushanga wa mchanga kama zawadi kila asubuhi.

"Huyu naye kesho," akasema Kikande.

Jioni hiyo Uduvi akaenda kumpa Bi Kome pole. Alimkuta kwenye jiwe, analia huku mdomo wake unafanya kazi, kwaru, kwaru, kwaru. Nyuma yake alipopita pamebaki njia nyeupe, safi.

Uduvi akaganda. "Bi Kome! Unafanya nini?"

"Nakula, mwanangu. Hata mfiwa hula."

"Unakula Kitu?"

"Kitu gani? Huu ni ukoga tu! Maji mapya hutoka ukoga kama mtoto mchanga anavyotoka vipele. Ukoga wenyewe hula vumbi la mchanga mpya. Likiisha, nao unaisha. Na sisi kina Kome ndio kazi yetu kuula."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, mwanangu. Waliniambia niunyamazie msiba wangu."

Uduvi akapiga hesabu. Kwa hiyo kila mtoto wa Bi Kome aliyetolewa, ukoga ulipata nafasi ya kutanda. Walikuwa wakizika wafagizi, kisha wakishangaa uchafu.

Akatambaa hadi nyuma ya jiwe la Kikande, akachungulia. Hakupofuka. Aliona magamba madogo yamerundikwa mlangoni, matupu, kila moja lina tundu la meno. Mkondo wa maji ulipita, yakagongana polepole, ki-ki-ki, na moja likaviringika mpaka miguuni pake. Palikuwa na ushanga wa mchanga umekwama ndani. Uduvi akalia. Mjanja naye ana moyo, msidhani.

Alipokwisha kulia akaanza kufikiri. Kikande alikuwa na nguvu, na Bwana Chewa alimwamini. Ni nani aliyekuwa mkubwa kuwapita wote wawili? Ni Jicho. Na Jicho halikuona, kwa sababu kioo kilizibwa.

Jua lilipowaka, tki!, Uduvi alikuwa mlangoni kwa Kikande.

"Hodi, Bwana Kikande!"

"Nani? Ah, wewe. Hata jino moja hulitoshi."

"Ndiyo maana nimekuja bila hofu, bwana. Nina neno kuhusu kafara. Nimemwona yule Kikome, maskini, gamba na mifupa!"

"Konokono ana mifupa?"

"Amekonda mpaka ameiota, bwana! Sasa mwenye mahali akiletewa kitu kama kile, si atatuona tunamdhihaki? Binadamu wenyewe, mbuzi wa kafara humnenepesha kwanza."

Kikande akafikiri. Tumbo lake nalo likafikiri. "Anenepeshwe na nini?"

"Ukoga mnono kuliko wote uko hapa, kwenye kioo mbele ya mlango wako. Ale hapa hapa, unamwona kwa macho yako. Na mama yake amlishe, mtoto hali vizuri bila mama."

"Uduvi, una akili wewe," akasema Kikande.

"Kidogo tu, bwana, kwa mwili wangu huu."

Bi Kome akaletwa pamoja na mwanawe. Uduvi alimnong'oneza, "Kula, mama. Usiache hata chembe. Kula kama siku ya mwisho." Bi Kome hakuuliza. Akapanda kioo, na Kikome nyuma yake. Kwaru, kwaru, kwaru.

Bwana Chewa alikuja kushuhudia. Ukoga ukavimba pande zote, blu... blu..., na wale wawili wadogo wakala katikati yake.

"Amenona?" akauliza Kikande.

"Bado, bwana. Mtazame shavu."

Kwaru, kwaru.

"Na sasa?"

"Karibu, bwana. Haraka haraka haina baraka."

Kipande cha kioo kikaanza kuonekana. Mwanga mwembamba ukaingia kutoka nje, ukaangukia yale magamba mlangoni. Bwana Chewa akayaona.

"Kikande," akasema, "magamba hayo ya nani?"

"Basi! Imetosha!" Kikande akaruka, akambandua Kikome kwenye kioo, akamweka katikati ya meno.

"Mwanangu!" akapiga ukelele Bi Kome. "Mwanangu jamani!"

Uduvi akatazama kioo. Nje hapakuwa na kitu, ukuta wa chumba tu. Itakuwaje kama Jicho limekwisha kwenda zake kabisa? Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

Hapo likaja.

Lilijaa dirisha lote. Halikupepesa. Likatazama rundo la magamba, likatazama polepole mpaka kwenye kinywa cha Kikande, likakaa hapo.

Kikande akamtema Kikome, pu! Akakimbilia tundu la jiwe lake, akasimamisha mwiba wake wa mgongoni, akajikaza ndani, kama ukoo wake unavyofanya ukiogopa. Akisimamisha mwiba ule, hakuna awezaye kumvuta.

"Nani atanitoa humu?" akafoka. "Nani?"

Mbingu ikafunguka. Mkono ukashuka, vidole vitano, mweupe kwa maji. Wala haukujisumbua kumvuta Kikande. Ulishika jiwe zima, ukalipandisha.

"Ngoja! Natoka! Mwiba umekwama! Chewa! Chewa, ndugu ya—"

Juu ya maji yakasikika matone tu. To. To. To.

Baadaye jiwe lilirudishwa mahali pake, tundu likiwa tupu. Hakuna aliyemwona Kikande tena, na hakuna aliyelala karibu na jiwe hilo.

Kisha wakateremshwa konokono wageni kutoka juu. Bi Kome akawaonyesha pa kuanzia, wakala pamoja naye siku baada ya siku. Vumbi la mchanga mpya likaisha, ukoga ukapauka, ukakoma kupumua, maji yakatulia.

Bwana Chewa alimwendea Bi Kome, kichwa chini. "Bi Kome, nilidanganywa. Nisamehe."

"Nirudishie wanangu kwanza," akasema Bi Kome, "halafu tutazungumza." Akaendelea na kazi yake, na Kikome ubavuni.

Bwana Chewa akageuza mkia, akarudi kwake. Na Uduvi? Kila asubuhi Jicho linapokuja, yeye yuko chini ya jiwe, kimya. Anajua ni nani aliyelifungulia dirisha, na hajui litatafuta nini kesho.

Basi ninyi wadogo, shikeni hili: kafara inayomnenepesha mganga haijawahi kumfikia shetani.